Silikoni Nyeusi: Uakisi Si Kipimo cha Kutosha

Makala kuhusu miundo ya nano katika seli za jua huanza karibu zote kwa hesabu moja: silikoni tupu huakisi zaidi ya asilimia 30 ya mwanga, kwa hiyo uso wake uchongwe sindano ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Hesabu ni sahihi, ila mshindani aliyewekwa mbele ni wa kubuni. Hakuna kiwanda kinachouza seli ya silikoni tupu. Seli ya kawaida ya fuwele moja huchongwa piramidi kwa alkali, kisha hupakwa nitridi ya silikoni yenye unene wa nanomita 75 hivi, na uakisi hushuka hadi asilimia 2 au 3. Sindano zikiufikisha chini ya 1, kinachookolewa ni asilimia moja au mbili za mwanga. Kwa seli yenye ufanisi wa asilimia 22, nyongeza ni kama pointi 0.2 hadi 0.4, tena kwa sharti kwamba chaji zinazozalishwa zisipotee njiani.

Sharti hilo ndilo gumu. Kwamba badiliko la polepole kutoka hewa hadi silikoni huzima uakisi, mwanafizikia Rayleigh alikwisha kueleza katika karne ya 19, na jicho la nondo hufanya hivyohivyo. Lakini sindano huongeza eneo la uso, na usoni ndipo chaji hizo, elektroni na matundu, huungana tena kabla ya kukusanywa. Mwaka 2012, watafiti wa maabara ya NREL nchini Marekani walifikia ufanisi wa asilimia 18.2 kwa silikoni nyeusi, yaani silikoni iliyochongwa hivyo, bila kupaka tabaka la kuzuia uakisi. Kazi yao kubwa ilikuwa kudhibiti muungano huo. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Aalto na wenzao wa Barcelona walifika 22.1. Weusi ulikuwapo katika seli zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba sindano zilifunikwa oksidi ya alumini, tabaka la atomu juu ya tabaka, na viunganishi vyote vikahamishiwa nyuma. Pointi karibu nne zilizoongezeka haziwezi kudaiwa na uakisi.

Watetezi watasema silikoni nyeusi hunufaika jua likiwa pembeni, na ni kweli kazi ya 2015 iliripoti nyongeza ya asilimia 3 ya nishati kwa siku. Lakini paneli ina kioo. Kioo bapa chenyewe huakisi asilimia 4 hata jua likiwa la utosini, na mwanga unaopenya huinama kiasi kwamba hauifikii seli kwa pembe inayozidi digrii 42 hivi. Sehemu ya faida hiyo huishia kwenye kioo.

Hata viwandani, silikoni nyeusi ilipata nafasi yake kwa sababu ya msumeno. Waya wa almasi ulipoanza kukata silikoni ya fuwele nyingi, asidi ya zamani haikuweza tena kuukwaruza vizuri uso uliokatwa, na uchongaji wa nano ukaziba pengo hilo. Fuwele moja ilipoteka soko, pengo likatoweka, na piramidi zikabaki.