Mgeni wa Misali na wageni wa Chillon

Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, akawauliza wavuvi kama wana msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akaitazama ile ardhi ilivyolala kuelekea kibla, akasema basi kisiwa chenyewe ndicho msala wake. Nilivyoisikia mimi, hadithi haiendi mbali zaidi ya hapo. Dhoruba haimo, wala hatuambiwi Misali ilikuwa nzuri kiasi gani.

Kimya hicho juu ya uzuri kinashangaza ukikiweka kando ya maandishi yaliyolipa jina Ziwa Geneva. Mwaka 1761 Jean-Jacques Rousseau alichapisha riwaya ya barua, Julie, mapenzi yake akayaweka Vevey na Clarens, chini ya milima ya Alps. Wapenzi wanapanda mashua, upepo unawakamata, wanaokokea Meillerie, na huko kila jabali linabebeshwa kidonda cha moyo. Wapiga makasia wamo, tena wanahema kwelikweli, ila hakuna anayewauliza wao wanalionaje ziwa. Wasomaji wakamiminika huko, kitabu mkononi. Mwaka 1816 wakaja Byron na Shelley, wakazuru ngome ya Chillon, na Byron akatunga shairi refu juu ya mfungwa Bonivard. Hadi leo watalii huonyeshwa nguzo ya gerezani iliyochongwa jina la Byron. Montreux, mji wa jirani, haujalala njaa kwa shairi lile.

Pande zote mbili, basi, ni habari za mgeni aliyeshukia maji ya watu. Kule ziwani mgeni ndiye anayehisi na ndiye anayesema. Misali mgeni ana shida, anaomba, na lile "hatuna" la wavuvi ndilo linalokipa kisiwa hadhi yake. Waondoe wavuvi, hadithi haipo.

Sisemi Misali imebaki takatifu na ziwa ndilo lililouzwa. Kisiwa kilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, wahifadhi nao waliishika dini: mafundisho ya amana na ukhalifa yakatumika kuwaeleza wavuvi ubaya wa kuvua kwa baruti. Hadithi ilipewa kazi, kama riwaya ilivyopewa ya kujaza hoteli. Lakini matunda si mamoja. Misali bado ina dago, yaani kambi ya wavuvi, na wavuvi hupasua samaki, wakawatia chumvi na kuwaanika wawe ng'onda, huku watalii wakipita na kurudi zao.

Kaskazini mwa Pemba, Kigomasha, tangu 2013 kuna chumba cha hoteli kilichozamishwa baharini, kazi ya Mikael Genberg, Mswidi aliyekuwa amekwisha kujenga kingine katika ziwa Mälaren la kwao. Mgeni hulala akitazama samaki kupitia kioo. Rousseau angemwelewa mara moja. Habari nilizozisoma za chumba hicho zote zimeandikwa na waliolala humo; ya mvuvi anayepita juu yake na ngalawa sijaiona.