Habari za Kangaga, Mmea wa Kivulini

Mtu apandaye milima ya Vidunda kutoka Kidodi, akiingia katika bonde lenye kijito na miti mikubwa, huona kando ya maji majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Hayo ndiyo makangaga. Wengi wetu huyapita bila kuyatazama, kwa maana hayana ua wala tunda. Lakini mmea huu una historia yake, nasi twapenda kuieleza kwa ufupi.

Zamani watu wa Ulaya walistaajabu: mmea usio na ua wazaaje? Wakasema una mbegu isiyoonekana, na mtu akiipata, yeye naye hataonekana. Uongo huo ulidumu miaka mingi. Hata mwaka 1794 tabibu mmoja, John Lindsay, aliyekuwa amefanya kazi katika kisiwa cha Jamaica, alitangaza majaribio yake. Aliuchukua unga ulio chini ya majani, akaupanda katika chungu, akauangalia mpaka mimea michanga ikatokea. Basi ikajulikana ya kuwa unga ule, ambao wengi hudhani ni ugonjwa wa jani, ndio uzao wake.

Tabibu wa pili ni Nathaniel Ward wa London. Alitamani bustani ya makangaga, lakini moshi wa makaa ya mawe uliyaua. Na makaa yale ni mabaki ya misitu ya kale sana, yenye makangaga na jamaa zake. Ikawa wafu wawaua walio hai. Yapata mwaka 1829 alitia kifukofuko cha nondo katika chupa yenye udongo wa unyevu, akaifunika. Kumbe, kangaga likaota ndani! Likaishi karibu miaka minne pasipo kutiwa maji, kwa kuwa mvuke uliopanda ulirudi chini kama umande. Kwa hiyo akafanyiza masanduku ya vioo, na mwaka 1833 mimea ikavuka bahari mpaka Sydney, ikafika hai. Kwa masanduku kama hayo miche ya chai ilichukuliwa kutoka China kwenda India.

Atakaye kupanda kangaga nyumbani na afuate desturi ya bonde. Achague upande usiopigwa na jua la adhuhuri. Udongo auchanganye na majani yaliyooza. Maji atie kidogo kidogo, yasituame. Shina asilizike chini sana. Kiangazi majani yakikauka, asifanye haraka kung'oa, kwani mara nyingi mizizi ingali hai, na mvua huiamsha.

Lakini neno kubwa ni hili. Kangaga ni shahidi wa maji. Miti ya kijitoni ikikatwa, jua huingia, udongo hukauka, na kangaga la kivulini hufa. Vijito vya Vidunda huteremka katika Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1975 wazungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Basi akataye miti kando ya kijito hajidhulumu nafsi yake tu, bali na watu wa mbali asiowajua.

Bwana Ward aliweza kulihifadhi kangaga moja katika chupa. Sisi hatuwezi kuutia mlima katika chupa. Kifuniko chake ni miti yake. Tupande makangaga nyumbani kwetu, na kule kijitoni tuyaachie kivuli chake.