Roxy, Jumba la Senema la New York

Katika mji wa New York, Marekani, palikuwa na jumba la senema lililoitwa Roxy. Lilifunguliwa tarehe 11 Machi, 1927, nalo lilikuwa na viti 5,920. Kiongozi wake, Samuel Rothafel, ambaye jina lake la utani ndilo lililopewa jumba, alishika wazo moja: mfanya kazi atoaye senti zake kununua tikiti na apokewe kama mfalme.

Basi mgeni, kabla hajaona picha yo yote, aliingia kwanza katika sebule ya duara yenye nguzo ndefu, akakanyaga zulia kubwa mno lenye umbo la yai, akasikia kinanda kilichowekwa hapo kwa ajili ya wanaongoja tu. Ukumbini kuta zilitiwa nakshi za Kihispania na rangi ya dhahabu. Wapiga muziki walikuwa 110, na kinanda kikubwa kiliweza kupigwa na watu watatu pamoja.

Msanifu wake, Walter Ahlschlager, alibanwa na kiwanja. Ili apate viti vingi aliulaza ukumbi mshazari, na jukwaa akalisukuma pembeni, likawa finyu na la umbo la ajabu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya Roxy: fahari yote ilikuwa upande wa watazamaji.

Fahari hiyo ilikuwa ghali. Gharama zilizidi makadirio hata mwenye mradi, Herbert Lubin, akamwuzia William Fox sehemu yake siku chache kabla ya ufunguzi. Oktoba ya mwaka ule ule filamu yenye sauti, The Jazz Singer, ilionyeshwa katika mji huo huo, na filamu bubu, zilizohitaji wapiga muziki, zikaanza kutoweka. Mwaka 1932 Radio City Music Hall likafunguliwa jirani. Na aliyeitwa kuliongoza ni nani, kama si Rothafel yule yule! Baadaye televisheni ikaingia majumbani. Kujaza viti karibu elfu sita kila siku kukawa kazi nzito, na ardhi ile ikapata thamani kuliko jumba lililosimama juu yake.

Roxy lilifungwa Machi 1960, likabomolewa mwaka huo huo, na mahali pake pakajengwa ofisi. Ubomoaji ulipokuwa ukiendelea, mpiga picha Eliot Elisofon alimleta Gloria Swanson, ambaye filamu yake, The Love of Sunya, ndiyo iliyolifungua jumba. Alisimama katikati ya kifusi amevaa nguo ya karamu, amenyosha mikono, kana kwamba watazamaji wangali vitini.