Gololi 22 za baiskeli ya mzee

Leo somo la historia, ila darasa ni kijiwe cha fundi baiskeli hapa Sokon I.

Jumamosi krenki ya Phoenix ya mzee ilianza kucheza na kulia kwa-kwa-kwa. Nikajifanya fundi! Kile kibakuli cha gololi upande wa mnyororo nikakipiga spana na nyundo, kinazidi kukaza tu... Nikaikokota kijiweni. Fundi akacheka: "Dogo, ungeua nyuzi. Hicho kinafunguka kwa kwenda kulia."

Kumbe huo ni mtindo wa Waingereza, viwanda vya India na China vikaurithi. Gololi zikibingirika husukuma kibakuli kinyume na mwendo wa ekseli. Nyuzi za kawaida zingejifungua zenyewe njiani.

Gololi zenyewe ni za siku nyingi. Jules Suriray wa Paris alizipatia hataza 1869, na Novemba mwaka huohuo James Moore akashinda mbio za Paris hadi Rouen juu ya baiskeli yenye gololi. Enzi hizo pedeli zilikuwa gurudumu la mbele. Rover ya John Kemp Starley, 1885, ndiyo iliyotuzoesha krenki katikati na mnyororo nyuma.

Basi fundi akaosha kwa mafuta ya taa, akaweka grisi na gololi mpya, 11 kila upande. Jumatatu nimefika chuo kimya kimya, hakuna kelele.

Mzee hajui habari ya nyundo. Msimwambie jamani!