Kwa Shujaa Huenda Kilio: Adui wa Kwanza katika Michezo ya Kunusurika

Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tukaijibia mitihani, na bado nathubutu kusema kwamba wengi wetu hatuiamini. Tunayempenda katika hadithi ni yule anayesimama kifua mbele. Anayekimbia tunamcheka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ipo aina moja ya sanaa iliyoipokea hekima hii kwa dhati kuliko sisi wanafunzi wa fasihi, nayo ni michezo ya video ya kunusurika. Sitatazama michezo hiyo mizima. Nitatazama dakika za mwanzo tu, pale mchezaji anapokutana na adui wake wa kwanza wa hatari.

Najua wapo watakaoguna. Eti gemu nayo ni fasihi? Si mambo ya watoto hayo? Swali ni halali, lakini tusilijibu kwa kuguna. Mchezo wa aina hii una mandhari, wahusika, mgogoro na taharuki. Tofauti yake na riwaya ni kwamba hadhira haisimuliwi kosa la mhusika. Hulitenda yenyewe, kisha ikayaona matokeo. Hapo muhakiki ana kazi ya kufanya.

Ili tuelewe kilichobadilika, tuanzie 1978. Mwaka huo Mjapani Tomohiro Nishikado aliunda Space Invaders katika kampuni ya Taito. Mchezaji ana mzinga usioishiwa risasi na maisha matatu. Maadui wanashuka kwa safu, wanaonekana wote, nawe unafyatua. Ngao nne za kujifichia zipo, lakini zinamomonyoka kwa risasi. Mlango wa kutokea haupo. Maadili ya mchezo huo ni mepesi kuyasoma: piga, na ukifa anza tena. Kwa miaka mingi michezo mingi ilitembea katika njia hiyo.

Mwaka 1989, hukohuko Japani, kampuni ya Capcom ilitoa Sweet Home, kazi iliyoongozwa na Tokuro Fujiwara na kutokana na filamu ya Kiyoshi Kurosawa ya mwaka huohuo. Watu watano wanaingia katika nyumba ya mchoraji aliyefariki, nyumba yenye mizimu. Silaha za kutisha hawana. Kila mmoja ana kifaa chake cha kawaida kabisa: kiberiti cha gesi, ufunguo, sanduku la dawa, kamera, na mashine ya kufyonza vumbi. Mmoja akifa, amekufa kweli. Harudi, na mwisho wa hadithi hutegemea ni wangapi waliobaki hai. Anayevamiwa peke yake anaweza kuwaita wenzake waje kumsaidia. Kwa mara moja, swali si umeua wangapi, bali umebaki na wangapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka Japani twende Ufaransa, 1992. Kampuni ya Infogrames ilitoa Alone in the Dark, kazi ya Frédérick Raynal na wenzake. Tupo Louisiana, Marekani, katika miaka ya 1920, ndani ya jumba liitwalo Derceto ambalo mwenyewe amejinyonga. Mchezaji anachagua kuwa Edward Carnby au Emily Hartwood, na anaanzia darini. Darini humo mna kabati, sanduku kubwa, dirisha, na mlango wa sakafuni. Muda mfupi baadaye zimwi linavunja dirisha na kuingia. Halafu mfu anayetembea, ambaye huku kwetu tungemkaribia kwa neno msukule, anapanda kupitia ule mlango wa sakafuni. Mgeni wa mchezo hufanya nini? Hurusha ngumi, na mara nyingi hufa.

Sasa angalia chumba tena. Ukilisukuma kabati hadi dirishani, zimwi haliingii. Ukilisukuma sanduku juu ya mlango wa sakafuni, msukule hapandi. Maadui wawili wameshindwa na hujarusha hata ngumi moja. Ndani ya sanduku hilohilo mna bunduki. Kifaa kimoja kimebeba majibu mawili, la kuua na la kuzuia, na la kuzuia ndilo lisilokugharimu risasi wala damu. Kwa lugha yetu ya darasani, mandhari hapa si pambo. Mandhari ndiyo matini, na asiyeisoma anakufa kwa kutosoma.

Miaka minne baadaye, Machi 1996, Capcom walirudi na kazi iliyoanza kama jaribio la kuiunda upya Sweet Home. Huko Japani iliitwa Biohazard, kwingine Resident Evil, na mwongozaji wake alikuwa Shinji Mikami. Polisi wa kikosi maalumu wanakimbilia ndani ya jumba lililo msituni. Muda si mrefu unaingia katika ujia, unamkuta mtu amechutama akila kitu sakafuni. Anageuza kichwa taratibu na kukutazama. Ni msukule, na anachokila ni mwenzenu.

Nikiri hapa. Mara ya kwanza nilicheza kwenye mashine ya zamani ya binamu yangu, nikachagua kuwa Chris Redfield. Chris huanza na kisu tu. Nilisimama nikapigana kiume. Nikafa. Nikarudia, nikafa tena. Mara ya tatu mdogo wake binamu, mtoto wa darasa la nne aliyekuwa anasubiri zamu, alinivumilia mpaka akachoka: "Kaka, si urudi mlangoni? Nani kakulazimisha?" Mimi ninayesomea uhakiki nilikuwa sijauona mlango niliotoka kuupita.

Nilirudi. Ukumbini wenzangu walikuwa wametoweka, na sakafuni ilikuwapo bastola. Kumbe jibu lilikuwa nyuma yangu muda wote. Ukicheza kama Jill Valentine, mambo ni hayohayo kwa sura nyingine: yeye ana bastola tangu mwanzo, lakini akikimbilia chumba cha kulia anamkuta Barry Burton, naye Barry anampiga risasi msukule. Kotekote mchezo unamlipa anayerudi nyuma. Na unaendelea kumfundisha hivyo, maana risasi ni chache, mhusika anageuka kwa uzito, pembe za kamera zinaficha kilicho mbele, na hata kuhifadhi ulipofikia kunahitaji utepe wa wino wa kutia katika mashine ya chapa. Kila msukule uliyemwepuka ni risasi uliyoiweka akiba.

Hata hivyo tusiisifu kazi hii bila kuikosoa. Katika Alone in the Dark, Emily na Edward wanapita njia ileile na hatari zilezile. Katika Resident Evil, mwanamume ananusurika peke yake na kisu, ilhali mwanamke anaokolewa na mwanamume. Ni kweli kwamba Jill anaweza kubeba vitu vinane na Chris sita tu, ila hilo nalo linaifanya njia ya mwanamke iwe njia ya waliotaka urahisi. Mchezo unathubutu kumwambia shujaa akimbie, lakini bado unaona aibu kumkimbiza mwanamume kwenye mikono ya mwokozi. Kitu kimoja kinaupunguzia lawama: baadaye tunagundua kwamba Barry mwenyewe analazimishwa kwa vitisho dhidi ya familia yake. Kwa hiyo msaada ule wa kwanza haukutoka kwa mtu aliye huru.

Mwaka 2005 Mikami aliongoza Resident Evil 4, na wengi walisema kunusurika kumekwisha, sasa ni kufyatua tu. Mimi nasema tuangalie tena mwanzo. Leon Kennedy anaingia kijijini huko Uhispania, wanakijiji wanamzingira, na mmoja ana msumeno wa mashine. Unaweza kuua wengi, wengine wanakuja. Vita hiyo humalizika kwa kengele. Inapolia, wanaacha silaha na kuondoka zao. Ulichotakiwa kufanya ni kuwa hai mpaka ilie.

Mfano wa mwisho unatoka Sweden, na hauna jumba wala polisi. Minecraft ya Markus Persson ilitoka hadharani mara ya kwanza Mei 2009, na toleo kamili likafuata Novemba 2011. Unatupwa porini mikono mitupu. Siku nzima, mchana na usiku, ni dakika 20. Giza likiingia wanatokea misukule, mifupa yenye pinde na buibui wakubwa. Wa kuogopwa zaidi ni creeper, kiumbe wa kijani asiye na mikono, anayekunyemelea kimya, akafoka kidogo, akalipuka pamoja na nyumba yako. Umbo lake lilizaliwa na kosa: Persson alikuwa anaunda nguruwe, akachanganya vipimo vya urefu na kimo. Misukule na mifupa huungua jua likichomoza, creeper haungui. Basi mtu anausalimikaje usiku wa kwanza? Anachimba shimo ubavuni mwa kilima, anaingia, anaziba kwa udongo, anasubiri. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 za mchezo huu zimeuzwa. Hesabu mwenyewe ni watu wangapi waliojifunza ujasiri wao wa kwanza wakiwa wamejificha shimoni.

Je, hii si kusifu woga? Hapana. Woga niliokuwa nao mimi ulikuwa ni ule wa kuonekana nimekimbia, hata mbele ya mtoto wa darasa la nne, na ndio ulioniua mara mbili. Anayesukuma kabati anaogopa pia, lakini macho yake yako wazi na mikono yake ina kazi. Sungura wa hadithi za bibi zetu hajawahi kumshinda simba kwa misuli, na hakuna aliyemwita mwoga. Sijui ni lini tulipoanza kuandika insha ambamo ushujaa ni kifua tu.

Kwa kuhitimisha, napendekeza kwamba tunapohakiki shujaa, awe wa riwaya, wa ngano au wa mchezo, tuulize kwanza chumba alimo kina milango mingapi. Walimu wetu na wanafunzi wenzangu, mkiona nimepotoka nikosoeni, ukurasa uko wazi. Ila kabla ya kuguna, mwombeni mdogo wenu mashine yake kwa nusu saa, mkutane na yule msukule anayegeuza kichwa. Tuone nani atakayekumbuka mlango.