Mtoto Asiyetulia na Majina Tunayompa

Akina mama na walezi wa Kibera na Kawangware! Leo tuzungumze juu ya yule mtoto asiyetulia. Unamtuma unga, anarudi bila unga na bila pesa. Akiingia kwenye mchezo wa kati anarukia zamu ya mwenzake, wanamfukuza. Jioni jirani anabisha: "Mama, kijana wako ana kichwa ngumu!"

Mtoto huyu hakuanza leo. Mwaka wa 1902, huko London, daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake juu ya watoto wa namna hii. Aliona kwamba wengine wana akili timamu na wametoka nyumba zenye malezi mema, lakini akasema wamepungukiwa na maadili. Lawama hiyo ilidumu. Ni mwaka wa 1980 tu ambapo madaktari wa Marekani waliandika jina la upungufu wa umakini katika kitabu chao cha magonjwa ya akili. Mwaka wa 1987 wakaongeza utukutu uliozidi, ndiyo ADHD utakayoisikia kliniki.

Hapa kwetu dawa ilikuwa kiboko, hadi serikali ilipokipiga marufuku shuleni mwaka wa 2001. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, madarasa yakafurika, na asiyetulia akawa wa kwanza kutolewa nje. Kiboko kilikatazwa, matusi yakabaki. Nami sijitoi. Nilipoanza kazi nilimwambia mama mmoja, mtoto akisikia, kwamba kijana wake ni mkorofi tu. Waliporudi nikamuuliza mtoto jina lake. Akanijibu, "Mkorofi."

Mwaka wa 1999 ulitolewa uchunguzi wa watoto 579 huko Marekani na Kanada. Dawa zilipunguza utukutu, lakini kuelewana na wenzake na wazazi kulisaidika zaidi pale dawa zilipoambatana na mafunzo kwa mzazi, mwalimu na mtoto. Tena somo la urafiki likifundishwa ofisini, mara nyingi hubaki ofisini. Lifundishe pale anapochezea, mlangoni pako.

Alika mtoto mmoja tu, si kundi. Wacheze bano dakika 15. Kabla hawajaanza mpe kanuni moja: "Ngoja zamu yako." Akingoja, msifu hapo hapo: "Umemngoja mwenzako, vizuri sana." Wasimamishe wakiwa bado wanacheka. Kesho rudia. Mpe pia kazi anayoiweza mbele ya watu, kama kupanga mitungi kwenye foleni ya maji, jirani naye amwone akifanya jema.

Ikiwa hali imezidi miezi sita, nyumbani na shuleni, mpeleke kituo cha afya. Uliza pia kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu; Wizara ya Elimu ilivianzisha mwaka wa 1984. Beba madaftari yake ya shule. Na omba masikio yapimwe kwanza, maana mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama asiyesikiliza.