Kabla Ununue Vifaranga, Ongea na Nyanya Yako

Wasee, tuongee ukweli kuhusu kuku. Mnajua zile video: kijana, vifaranga mia, mwaka ukiisha ana gari. Mimi niliziamini. Niliacha chuo, nikarudi kwetu Misikhu, hapo kwa barabara ya Webuye kwenda Kitale, nikanunua vifaranga 50. Walibaki 4.

Na mwalimu alikuwa jikoni tu. Nyanya yangu, sisi Wabukusu tunamwita kukhu.

Kukhu akiwa mtoto, kwa Waluhya wengi mama alifuga kuku lakini kumla ilikuwa mwiko. Firigisi ni ya mzee mpaka leo. Mwiko ulilegea polepole, makanisa na shule zilipoingia. Lakini hata wakati huo, ng'ombe na shamba vilikuwa vya mzee. Kuku ndiye alikuwa karibu na mkono wa mama. Karo ikipungua, jogoo anafungwa miguu, anapelekwa sokoni.

Halafu tukaambiwa maendeleo ni kiwanda. Pan Paper ilianza kutengeneza karatasi Webuye mwaka 1974, na mji mzima ukaitegemea. 2009 ikafungwa. Watu walirudi nyumbani bila mshahara, wakakuta kuku wa kina mama bado wanachakura uani.

Sasa, wangu waliuawa na nini? Kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa 1926, Java na Newcastle kule Uingereza. Hauna tiba, lakini chanjo ipo: tone moja kwa jicho, unarudia kila miezi mitatu hivi. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, na ukishaichanganya haikai. Mwenye kuku kumi anaona ni hasara, anaacha. Kukhu na majirani wake huchanga, wananunua chupa moja, wanachanja siku moja. Nilikuwa naishi hapo hapo na sikuwahi kuuliza.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kuku wanaweza kukutoa kwa umaskini, lakini si peke yako, na si kwa mwaka mmoja. Wanatoa familia pale majirani wanachanja pamoja na mwenye kufuga ndiye anashika pesa. Tukiwaambia kina mama wafuge, halafu mzee auze, tumerudisha ule mwiko kwa njia nyingine.

Nani kwenu alisomeshwa na jogoo? Na pesa ilikaa kwa nani? Niambieni.